Usilipe hiyo laki nne na nusu, dada

Dada fundi cherehani, rudisha kwanza hiyo pesa kibindoni. Umesema uliishia darasa la saba, una miaka 34, unatafuta cheti cha kidato cha nne, na kituo cha tuisheni kimekuahidi kwa laki nne na nusu "utaruka QT" ufanye mtihani mwaka huuhuu. Hakuna kuruka! Asiye na matokeo ya kidato cha pili anaanza na QT, Mtihani wa Maarifa. Akifaulu ndipo anajisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Na QT hufanyika Novemba, msimu mmoja na kidato cha nne chenyewe. Yote mawili utayafanyaje mwaka mmoja?

Niliambiwa maneno hayohayo. Mimi ni fundi wa kuchomelea, Morogoro, wakati huo nina miaka 36. Mwenye kituo amevaa tai, ana kompyuta mezani, ananiita "mwanafunzi wangu". Nilimpa 380,000, pesa ya mageti mawili, akanipa risiti ya kuandika kwa mkono, zile za kununua stesheneri. Miezi tisa nikitoka karakana naoga harakaharaka, nakwenda kukaa dawati moja na vijana wa umri wa binti yangu. Nilisoma kwelikweli. Nikiuliza namba ya mtihani: "Ipo kwenye mfumo, usiwe na wasiwasi."

Siku ya mtihani mke wangu aliniamsha saa kumi alfajiri. Shati limenyooshwa, kalamu mbili na rula kwenye mfuko unaoonyesha ndani. Majina yamebandikwa mlangoni. Nikashusha kidole kwenye orodha, nikarudia, mara ya tatu nikaanzia chini kupanda juu. Msimamizi, mama mtu mzima, akanitafutia hata kwenye karatasi zake. "Baba, jina lako halimo. Nani alikusajili?" Nikampigia yule bwana. Hapatikani. Mpaka leo hapatikani.

Mageti nitachomelea mengine. Kinachoniuma ni mwaka wangu, na alijua anachofanya, maana ada ya mtihani hakuifikisha popote. Miaka miwili sikutaka kuona daftari. Mnaotaka kucheka chekeni, ila mjue gharama za kurudi nyumbani saa tatu asubuhi na rula mkononi.

Kwa hiyo shika hili: ada ya mtihani unalipa mwenyewe, kwa namba ya malipo ya serikali iliyotoka kwa jina lako, na usajili wako unauona kwa macho yako. Ada ya kufundishwa mpe mwalimu, hizo ni pesa mbili tofauti. Mimi niliporudi nilianzia ofisi ya mkoa ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Iko kisheria tangu 1975, enzi ambazo bibi yangu alijifunza kisomo akaacha kuweka dole gumba. Dakika kumi wakanieleza yote, bila senti. QT nikafaulu nikiwa na miaka 39, mwaka uliofuata nikafanya kidato cha nne, namba yangu inaanza na P, alama ya mtahiniwa wa kujitegemea, nimeiandika ukutani karakana.

Umeshampa chochote? Kesho muombe akuonyeshe namba ya usajili ya kituo chake Baraza la Mitihani, kisha njoo utuambie alichojibu.