Je, mwili wangu ulimkataa mwanangu?

SWALI: Katika mimba yangu ya kwanza, wiki ya 34, presha ilipanda ghafla na mkojo ukakutwa na protini. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, na sasa ni mzima. Niliambiwa ni priklampsia na kwamba kinga yangu ya mwili ilihusika. Je, mwili wangu ulimkataa mwanangu?
Mama wa mtoto mmoja

JIBU: Dada mpendwa, neno "kukataa" linakuonea. Nusu ya vinasaba vya mtoto hutoka kwa baba, kwa hiyo machoni pa kinga ya mama yeye ni nusu mgeni. Hata hivyo, kinga hiyohiyo ndiyo humwandalia makao. Majuma ya mwanzo, katika ukuta wa mji wa mimba hujaa seli za kinga ambazo wataalamu waliziita "wauaji wa asili", jina la kutisha lisilolingana na kazi yao mahali hapo, kwani hushirikiana na seli za kondo la nyuma kuitanua mishipa midogo iliyojisokota kama springi, mpaka iwe mipana na milegevu kiasi cha kupitisha damu tele bila nguvu kubwa.

Ushirikiano huo ukilegea, mishipa hubaki myembamba, na kondo lililopungukiwa oksijeni humwaga katika damu ya mama protini zinazodhuru utando wa ndani wa mishipa ya mwili mzima. Hapo ndipo presha hufika 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20, na figo huvujisha protini. Kasoro hiyo ya mishipa huonekana zaidi kwa wanaougua mapema kuliko kwa aliyefika wiki ya 34 kama wewe, na kisukari, unene, maradhi ya figo au mimba ya mapacha navyo huchangia.

Ugonjwa huu huwapata zaidi wenye mimba ya kwanza, pengine kwa sababu kinga bado haijazizoea alama za baba.

Ukishika mimba tena, ieleze kliniki mapema historia hii, maana daktari anaweza kukuanzishia aspirini ya dozi ndogo kabla ya wiki ya 16, usijianzishie mwenyewe. Kichwa kikiuma bila kutulia, macho yakiona ukungu, au ukipata maumivu chini ya mbavu za kulia, hata ikiwa umekwisha kujifungua, nenda hospitali saa hiyohiyo.