Jirani Amevunja Bei: Je, Nami Nishushe?

SWALI: Nina duka la vyakula mjini Morogoro, na huu ni mwaka wa sita. Miezi mitatu iliyopita lilifunguliwa duka jingine mkabala na langu, ambalo mwenyewe anauza unga, mafuta ya kula na sabuni kwa bei ileile ninayopewa mimi na wauzaji wa jumla. Wateja wananihama. Mume wangu anasema nishushe bei za bidhaa zote, hata chini ya zake. Je, nifanye hivyo? Na sheria inamruhusu jirani huyu kuuza namna hiyo?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Dada yetu, kabla hujagusa bei yoyote, fungua daftari. Bidhaa uliyoinunua kwa shilingi 8,000 na kuiuza kwa 10,000 inakupa faida ghafi ya 2,000. Ukiipunguza kwa asilimia 10 tu, mteja ataokoa 1,000, lakini wewe utakuwa umepoteza nusu ya faida yako, na itakulazimu uuze mara mbili ya ulivyokuwa ukiuza ili ubaki palepale ulipokuwa, ilhali pango na umeme havipungui. Katika duka la mtaani hilo ni gumu, kwa kuwa familia inayopika kilo moja ya unga kwa siku haitapika mbili kwa sababu unga umeshuka bei.

Kwa hiyo, pamoja na heshima zote kwa mumeo, siungi mkono ushauri wake. Hata kampuni zenye mtaji mnene huumizana kwa njia hiyo: nchini Kenya, Agosti 2010, Zain ilishusha gharama ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika, washindani wakalazimika kuifuata, na mtandao mdogo wa yu, ambao nao ulitegemea bei nafuu, uliondoka sokoni mwaka 2014, mali zake zikichukuliwa na Safaricom na Airtel.

Chagua bidhaa moja au mbili ambazo kila mama wa mtaa anajua bei yake kwa kichwa, kama unga wa sembe, uzifikishe karibu na bei ya jirani, kisha uziache bizari, hamira na dawa ya meno kama zilivyo, kwa sababu ni wachache wanaolinganisha bei za vitu hivyo. Mpe mteja nyongeza kidogo anaponunua cha kupima. Na yule wa kuaminika anayelipa mwisho wa mwezi, endelea kumkopesha, kwa maana jirani yako anayeuza kwa bei ya kununulia hana nafasi ya kukopesha.

Chunguza pia bei hiyo inatoka wapi. Nunua kilo moja kwake ukaipime. Ikipungua, hilo ni suala la Wakala wa Vipimo. Ikiwa imetimia, huenda anachukua mzigo mkubwa moja kwa moja kiwandani, jambo ambalo nawe unaweza kulifanya ukiungana na wenye maduka wawili au watatu.

Kuhusu sheria, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, huwabana wenye nguvu kubwa sokoni wanaoitumia vibaya kuwazuia wengine. Duka moja la mtaani halifikii kiwango hicho, kwa hiyo usipoteze nauli kwenda kumshtaki.