Beluga Wote ni Weupe: Hutambuliwaje Mmoja Mmoja?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba watafiti humfuatilia nyangumi mweupe, yaani beluga, mmoja mmoja kwa miaka mingi. Ikiwa wote wana rangi moja na hawana pezi la mgongoni, wanajuaje kwamba huyu ndiye yule waliyemwona mwaka jana?

JIBU: Ndugu msomaji, shaka yako ina msingi, kwani nyangumi wengi hutambuliwa kwa pezi hilo au kwa mkia. Beluga ana tuta gumu tu mgongoni, ambalo aghalabu huwa na mapengo na mikwaruzo, na ubavuni ana makovu ya majeraha ya zamani. Mtafiti humpiga picha katika sekunde chache anazoibuka kuvuta pumzi, kisha huilinganisha na picha za miaka iliyopita, kovu kwa kovu. Kazi hii imefanywa tangu miaka ya 1980 katika mto Saint Lawrence nchini Kanada, na tangu 2005 katika ghuba ya Cook Inlet, Alaska, ambako beluga waliorodheshwa mwaka 2008 kuwa wamo hatarini kutoweka. Huko Alaska wapo wanaotambuliwa kwa makovu ya vifaa vya setilaiti walivyofungwa zamani mgongoni: kifaa kilikwisha kazi, kovu lake likaiendeleza.

Ugumu mkubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba mnyama ana pande mbili. Kovu la ubavu wa kulia halisemi lolote kuhusu ubavu wa kushoto, hivyo beluga aliyepigwa picha kulia leo na kushoto mwezi ujao anaweza kuhesabiwa kuwa wawili, mpaka siku atakapopigwa pande zote katika tukio moja au tuta lake litakapoziunganisha picha hizo. Isitoshe, beluga hujichubua ngozi wakati wa kiangazi, hata kwa kujisugua kwenye changarawe, kwa hiyo alama za juu juu hupotea na zinazotegemewa ni zile za kina. Kipande kidogo cha ngozi kikichukuliwa kwa mshale maalumu, vinasaba huonyesha jinsia na utambulisho wake bila kujali ni ubavu gani ulioonekana.

Wanaosumbua zaidi ni ndama, ambao huzaliwa wakiwa na rangi ya kijivu na huchukua miaka mingi kuwa weupe. Kwa kuwa ngozi yao bado haina makovu ya kudumu, ndama hutambuliwa kupitia mama anayeogelea naye. Akimwacha kabla hajapata alama yake mwenyewe, picha zake za baadaye huanzishiwa ukurasa mpya, kana kwamba hajawahi kuonekana.