Maswali na majibu: Kioo au plastiki kwa miwani ya mvuvi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mvuvi wa Matema, Ziwa Nyasa, navua mbasa kwa ndoano karibu na mlango wa mto Lufilyo, na siku nyingine nasaidia wenzangu kwenye boti ya mashine. Mng'ao wa maji unaniumiza macho, kwa hiyo nataka miwani ya polaraizi yenye namba. Cheti changu cha mwaka juzi kinasema kulia hasi 2.75, kushoto hasi 2.50 na silinda hasi 0.75. Muuzaji mmoja pale Mwanjelwa, Mbeya, kaniambia nichukue kioo halisi kwa sababu plastiki haizuii mionzi. Alinionyesha kadi yenye picha ya samaki inayoonekana ukivaa tu miwani, kisha akamulika noti kwa tochi ya bluu kupitia lenzi, noti haikuwaka. Akaongeza kwamba kinyama nilicho nacho jicho la kushoto, hiki kinachoota juu ya weupe wa jicho, kitayeyuka taratibu nikiivaa. Niichukue?

JIBU: Marahaba. Hiyo ya kioo iache huko huko dukani.

Muuzaji wako amechukua mambo manne akayafunga kwenye mfuko mmoja: lenzi imetengenezwa kwa malighafi gani, ni nyeusi kiasi gani, ina filamu ya polaraizi (ya kukata mng'ao) au haina, na inazuia mionzi ya UV (miale ya jua isiyoonekana, inayodhuru macho) au haizuii. Hakuna hata moja kati ya hayo linalothibitisha jingine. Lenzi nyeusi tii inaweza kupitisha UV, na lenzi nyeupe kabisa ya kusomea inaweza kuizuia yote. Miwani inaweza kukata mng'ao wa ziwa vizuri hadi ukaona mawe chini ya maji, na bado hujaambiwa lolote kuhusu mionzi. Kila wiki wanakuja watu kliniki na miwani mkononi wakisema "hii ni polaraizi, kwa hiyo nimekingwa". Hapana. Polaraizi ni kwa ajili ya kuona. Kinga ni jambo jingine, nalo lina kipimo chake.

Tuanze na hilo la kioo. Kioo cha kawaida cha miwani, kisichopakwa wala kuongezwa kitu, huzuia sehemu kubwa ya UV-B lakini huiachia UV-A, aina nyingine ya mionzi hiyo, ipite kwa wingi. Polikaboneti, ambayo ni hiyo plastiki aliyoidharau, huzuia karibu yote mpaka kwenye nanomita 380 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) kwa asili yake. Kioo cha miwani ya jua kinaweza kutengenezwa kizuie mpaka 400, sawa, lakini hapo kinachokinga ni kile kilichoongezwa ndani yake au juu yake, si ukioo wake. Kwa hiyo maneno aliyokuambia ameyageuza miguu juu kichwa chini.

Kadi ya samaki inathibitisha kwamba filamu ipo. Basi. Haisemi kama itabanduka baada ya mwezi, wala haina habari na UV. Ile tochi ya noti ndiyo inayonikera zaidi, maana inafanana na sayansi. Nyingi ya tochi hizo za bei nafuu hutoa mwanga wa kwenye nanomita 395, mpakani kabisa mwa zambarau inayoonekana kwa macho. Lenzi yoyote yenye giza itaufifisha mwanga huo kwa sababu tu ina giza. Na lenzi nyeupe nzuri inayokata mpaka 380 itauachia upite, noti iwake, mteja aikimbie lenzi iliyokuwa salama. Duka la miwani linalojiheshimu lina kimashine cha mezani cha kupima asilimia ya UV inayopita. Unaweka lenzi, unasoma namba. Uliza kama kipo. Kama hakipo, tafuta maandishi ya UV400 (yaani inazuia mpaka nanomita 400) pamoja na alama ya ISO 12312-1, kiwango cha kimataifa cha miwani ya jua, na daraja la giza kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, kwa sababu stika ya UV400 peke yake mtu yeyote anaichapisha.

Daraja la giza unalolihitaji ziwani ni la 3, linalopitisha mwanga wa asilimia 8 hadi 18. Daraja la 4 hupitisha asilimia 3 hadi 8 na haliruhusiwi kuendeshea chombo barabarani, kwa hiyo usilivae kwenye bodaboda ukirudi nyumbani. Rangi ya kijivu inafaa maji ya wazi. Kahawia ni bora kwenye maji ya mtoni na maji mafupi, kwa sababu huongeza tofauti kati ya samaki na mchanga. Wanaovua trauti kwenye vijito na mabwawa ya Mufindi wachukue kahawia ya daraja la 2 au la 3. Usiku kwenye taa za kuvulia usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa) usivae lenzi ya rangi yoyote, hata hiyo ya njano inayosifiwa.

Ujue pia mapema kwamba polaraizi ina saa zake. Mwanga uliogonga maji ukaruka hulala kimlalo, na filamu huuzuia huo ikaachia wa wima. Kazi hiyo hukamilika jua likiwa kama nyuzi 37 juu ya usawa wa maji, ambapo kwa huko kwenu ni karibu saa tatu asubuhi na tena kwenye saa kumi alasiri. Kati ya saa sita na saa saba mchana, hasa Oktoba na Februari jua linapopita utosini, mng'ao wa jua unaouona ukiinama ubavuni mwa mtumbwi haujalala upande wowote, na miwani haitaukata. Usirudi kumgombeza fundi kwa hilo. Kofia yenye ukingo mpana ndiyo dawa ya saa hiyo.

Sasa malighafi. Wewe unavua kwa ndoano, na kinachoniogopesha ni chubwi la risasi linaloruka kurudi usoni kamba inapokwanyuka. Kioo kikipigwa hivyo kinapasuka, na vipande viko sentimita moja na nusu kutoka kwenye jicho. Hapo tu mjadala umekwisha. Pia ni kizito: gramu 2.54 kwa kila sentimita moja ya ujazo, wakati polikaboneti ni 1.20. Miwani ya kioo itakuteleza puani ukianza kutoka jasho, utaipandisha kwa mikono yenye magamba, au itaishia ziwani. Sifa yake ya kweli ni kwamba haikwaruziki ovyo na picha yake ni safi. Anayeketi kwenye baraza akitazama ziwa kioo kinamfaa.

Kwa hiyo chukua polikaboneti, au Trivex ukiipata. Trivex, plastiki nyingine ngumu, ni nyepesi zaidi (1.11), inahimili kipigo, haiogopi kemikali sana, na picha yake ni safi kuliko ya polikaboneti. Tatizo ni kwamba zile zenye filamu ya polaraizi na zinazokubali kusagwa namba mara nyingi huagizwa, na utasubiri. Polikaboneti ina kasoro ya kutawanya rangi: kipimo cha usafi wake ni 30, wakati CR-39 (plastiki ya kawaida ya miwani ya namba) na kioo ni 58, na kikubwa ndicho bora. Kwa namba yako, ukitazama pembeni kabisa mwa lenzi utaona uzi mwembamba wa rangi kwenye ukingo wa vitu vyeupe kama povu au boya. Ni kidogo, na ukigeuza kichwa badala ya jicho hauonekani. CR-39 ina picha nzuri na bei ya wastani, lakini kwa kipigo haifiki hata karibu. Ningemwandikia mvuvi wa nyavu, si wewe. Zile nyembamba zinazouzwa barabarani kwa jina la TAC ni tabaka za selulosi zilizogandishwa kwa gundi, unene wake kama milimita moja, na hazisagwi namba. Zikianza kuingiza maji ukingoni huchanua kama kitunguu.

Adui wa polikaboneti ni petroli, nawe umesema unafanya kazi kwenye boti ya mashine. Petroli, thina na asetoni huichora nyufa nyembamba kama za udongo mkavu, kuanzia pale fremu inapoibana, na nyufa hizo hazifutiki. Dawa ya kupaka ya mbu yenye DEET nayo huharibu plastiki nyingi. Ukijaza tangi, vua miwani, nawa mikono kwa sabuni, ndipo uishike. Agiza lenzi iliyopakwa ugumu pande zote mbili, maana bila hiyo polikaboneti inakwaruzika hata kwa shati. Na usiifute ikiwa kavu na mchanga wa Matema juu yake: ichovye kwanza kwenye maji, tone moja la sabuni ya maji ya vyombo, suuza, ndipo ufute kwa kitambaa laini. Sabuni ya unga hapana. Usiiache juu ya dashibodi ya gari Kyela mchana, kwani joto ndilo linaloachanisha filamu na lenzi.

Joto hilo hilo hufanywa na fundi. Fremu ikikataa kupokea lenzi, wapo wanaoichomeka yote kwenye mchanga wa moto mpaka ilainike. Lenzi ya polaraizi haivumilii hivyo. Ipashwe fremu peke yake, lenzi iingizwe baadaye. Na fremu yako isiwe ile iliyojikunja sana kuzunguka uso, ijapokuwa inavutia. Kwa lenzi yenye namba mkunjo huo hupotosha picha pembeni, isipokuwa maabara imefanya hesabu ya kufidia, na maabara nyingi hazifanyi. Chagua fremu ya mkunjo wa wastani (fundi huutaja kwa namba, uwe 6 au chini yake), yenye mikono mipana inayoziba pembeni. Nailoni kuliko chuma, na kamba ya shingoni.

Kuna kosa jingine la karakana ambalo mteja haligundui. Filamu ina mwelekeo, na lenzi ghafi huja na alama mbili ndogo za kuuonyesha. Kwa kuwa jicho lako la kushoto lina silinda, yaani namba ya kurekebisha jicho lisilopinda sawasawa pande zote, mhimili (mwelekeo) wa silinda lazima usagwe ukipimwa kutoka kwenye alama hizo. Fundi akisaga kwanza kisha akaizungusha lenzi ili silinda ikae sawa, amepindisha polaraizi. Ikipinda nyuzi 5, mng'ao unaovuja haufiki asilimia 1. Ikipinda 15, ni kama asilimia 7. Ikipinda 30, robo nzima inapita, na jicho moja litaona ziwa linawaka wakati jingine limetulia, kichwa kianze kuuma. Kagua kabla ya kulipa: toka nje, weka beseni la maji juani, litazame kwa kuinamisha macho, fumba jicho la kulia halafu la kushoto. Mng'ao ufifie sawasawa. Kisha vua miwani, igeuze kama robo ya mzunguko mbele ya jicho moja: mng'ao urudi wote. Usipobadilika, umeuziwa lenzi ya rangi tu. Na skrini ya simu ikiwa nyeusi ukiilaza upande mmoja, usishtuke. Ndivyo filamu inavyofanya.

Nije kwenye kinyama, maana hapa ndipo wababaishaji wanapoharibu watu. Hakuna lenzi inayoyeyusha kinyama, iwe ya kioo, ya polaraizi au ya dhahabu. Jua linahusika katika kukiotesha. Mionzi inayoingia kutoka upande wa sikio hupinda ikipita kwenye kioo cha jicho (sehemu angavu ya mbele) na kukusanyika upande wa pua, na hilo ni moja ya maelezo ya kwa nini mara nyingi kinyama huanzia huko. Ndiyo maana nasisitiza fremu izibe pembeni na kofia ivaliwe, tena zaidi kwa wanaopanda milimani kulima Kitulo au Mufindi, kwani UV huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Lakini kinga inapunguza kukua kwake. Kilichokwisha kuota hakirudi nyuma kwa kuvaa miwani.

Hakirudi pia kwa maji ya sukari, asali, maziwa ya mama wala utomvu wa mti wowote. Vitu hivyo huingiza vijidudu, na kidonda kwenye kioo cha jicho huacha kovu jeupe ambalo namba haitalirekebisha. Hatari zaidi, kwa sababu inaonekana kufanya kazi, ni matone yenye deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, yanayonunuliwa duka la dawa bila cheti. Wekundu unaisha siku mbili, mtu anafurahi, anaendelea miezi. Kimya kimya presha ya jicho inapanda na mtoto wa jicho anaanza. Uoni uliokwenda na presha ya jicho haurudishwi na mtu yeyote, Mbeya wala India. Soma kichupa: ukikuta deksamethasoni, prednisoloni au betamethasoni na hakuna daktari aliyekupima presha ya jicho, acha kununua kingine na uende kliniki ya macho wiki hiyo hiyo.

Kinyama kidogo kisichosumbua huangaliwa tu. Kikisogea kuelekea mboni au kikianza kuvuta kioo cha jicho, hukatwa, na uliza kama watapandikiza ngozi laini ya jicho lenyewe, kwa sababu kikikatwa bila hivyo hurudi mara nyingi. Kuvuta huko ndiko kunakozaa silinda. Cheti chako ni cha mwaka juzi, silinda iko jicho la kushoto, na kinyama kiko jicho hilo hilo. Pimwa upya jicho hilo kabla hujaagiza lenzi yoyote, na wakuandikie ukubwa wa kinyama kwa milimita kwenye kadi, ili mwakani kuwe na cha kulinganisha.