Pikipiki Yangu Hailii: Jibu kwa Kijana wa Kisumu

Wiki iliyopita kijana mmoja anayeendesha bodaboda ya umeme mjini Kisumu aliniandikia ujumbe mrefu ambao niliusoma mara tatu kabla ya kulala. Alikuwa amemgonga mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akivuka barabara huku ameziba masikio kwa vipokea sauti na macho yake yamezama kwenye simu. Mwanafunzi aliumia goti, taa ya pikipiki ikapasuka, na waendeshaji wenzake wa steji wakamtuliza kwa kumwambia kwamba kosa halikuwa lake. Ujumbe uliisha kwa swali moja: "Mwalimu, kosa lilikuwa langu au lake?"

Alitaka jibu la mstari mmoja. Ninalo, lakini sitaanza nalo, kwa sababu swali hilohilo nililijibu vibaya mwaka 2024, na nilishikilia jibu langu baya kwa miezi minne nzima.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba nilisomea ualimu wa Kiswahili na historia, nikahitimu, nikasubiri ajira hadi subira ikaniishia, kisha nikachukua pikipiki ya petroli kwa mkopo ili watoto wale. Jina la Mwalimu nilipewa stejini, mwanzoni kwa dhihaka na baadaye kwa heshima. Kwa miaka 8 niliendesha pikipiki ile kati ya Adams, Kawangware na Kilimani, mitaa ya Nairobi, bila kumgusa mtu hata mmoja, na nilijivunia jambo hilo kuliko cheti changu cha chuo. Mwaka 2023, bei ya petroli ilipovuka shilingi 200 kwa lita, nilipiga hesabu ambayo kila mmoja wenu ameipiga au ataipiga, kwa maana sote tunatafuta kitu kimoja: kumaliza mkopo na kumiliki chombo chetu wenyewe. Nikahamia umeme. Habari za fomu, wadhamini na foleni sizielezi kwa kuwa zinachosha. Itoshe kusema kwamba mwezi wa kwanza nilibakiwa na pesa ambazo zamani zilikuwa zikiishia kwenye tangi.

Na utulivu ule, ndugu zangu! Abiria alizungumza nami bila kupaza sauti, na jioni mikono yangu haikuwa na ganzi ya mtetemo. Niliandika makala nzima ya kuusifu utulivu huo. Sijaifuta, ili iendelee kunisuta.

Ajali yangu ilitokea siku ya Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, kwenye njia ndogo ya pembeni inayofuatana na Barabara ya Ngong. Sikuwa na abiria, na mwendo wangu ulikuwa kama kilomita 25 kwa saa. Kijana wa miaka 19 hivi alikuwa akitembea ukingoni mbele yangu, amenipa mgongo na ameinamisha kichwa. Nilimwona. Hili nalisema wazi kwa sababu watu wengi hudhani sikumwona. Nilimwona tangu mbali, na nilikuwa na hakika kwamba naye anajua nipo, kwa kuwa katika miaka 8 kila mtu niliyemkaribia kwa nyuma alijua nipo. Nilipobakiza hatua chache tu, alikata ghafla kuingia barabarani ili avuke. Nilishika breki nikiwa nimeshamfikia. Usukani ulimpiga ubavuni, akaangukia mkono, na mfupa wa kifundo ukavunjika.

Kipokea sauti kimoja kilikuwa kimemchomoka sikioni na kulala juu ya lami, na niliposogea kumwinua nilisikia muziki ukitoka ndani yake. Pikipiki yangu ilikuwa bado inawaka, imesimama hapo kando, wala haikusikika kabisa. Kidude kidogo kama punje ya haragwe kilikuwa na sauti kubwa kuliko chombo kilichomvunja mtu mkono.

Umati ulikusanyika kama ilivyo desturi ya Nairobi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu umati ulikuwa upande wa bodaboda. "Amejitakia," alisema mama mmoja muuza mayai, na wengine wakaitikia. Nilimpeleka hospitali, nikalipia eksirei na plasta, nikapoteza siku mbili za kazi. Mama yake alifika akiwa bado amevaa aproni ya kazini, akanitazama kwa muda, akaniambia, "Baba, si ungempigia hata honi?" Nilimjibu kwamba kwa muziki ule mwanawe hangesikia honi wala tarumbeta. Nilimjibu kwa sauti ya mtu mwenye haki yake. Ningali naisikia sauti hiyo yangu, na siipendi.

Kwa miezi minne nilisimulia kisa hicho stejini kama mtu aliyeonewa. Nilihubiri juu ya vijana wa siku hizi na simu zao. Nilieleza kwamba mji wa Honolulu nchini Marekani ulianza mwaka 2017 kuwatoza faini watu wanaotazama simu wakivuka barabara, na kwamba mji wa Yamato nchini Japani ulikataza mwaka 2020 kutumia simu huku mtu akitembea hadharani, nikauliza Nairobi inangoja nini. Wenzangu walitikisa vichwa kukubali. Nani asiyependa kusikia kwamba kosa ni la mwingine?

Aliyenivua kiburi hicho ni mteja wangu wa zamani, mzee asiyeona, ambaye alistaafu kazi ya kupokea simu ofisini baada ya kuifanya kwa zaidi ya miaka 30. Siku za pikipiki ya petroli, nilipokuwa nikikaribia stejini yeye huinua fimbo yake nyeupe kabla sijasimama na kusema, "Mwalimu, kaza ile nati ya bomba la moshi, inalia." Alinitambua miongoni mwa pikipiki 20. Asubuhi moja ya Desemba nilisimama hatua moja mbele yake nikamwamkia, naye akashtuka hadi fimbo ikamponyoka. Nilimwokotea, nikamwomba radhi, kisha kwa ujinga wangu nikaanza kumsimulia habari za yule kijana wa vipokea sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "mimi sina kitu masikioni. Nimesimama hapa nikikungojea wewe na kukusikiliza wewe, na sikukusikia. Yule mtoto ulitaka akusikie vipi?"

Sikuwa na jibu. Nilimbeba hadi alikokuwa akienda, na njia nzima nilikuwa nikihesabu upya miaka yangu 8. Niligundua kwamba injini ya petroli ndiyo iliyokuwa ikinitangulia na kuwaondoa watu njiani. Ilibisha hodi kwa niaba yangu mchana kutwa, nami nikadhani kwamba ule ni ustadi wangu. Nilipoiuza, nilimuuza utingo wangu bila kujua kwamba nilikuwa naye.

Tangu siku hiyo nimeyasoma mambo haya kwa bidii ya mtu mwenye deni. Gari linalokwenda kasi hutoa mvumo wa matairi yanayosugua lami pamoja na upepo linaoukata, kwa hiyo katika barabara kuu gari la umeme na la petroli hayatofautiani sana kwa anayesikiliza. Tofauti kubwa iko kwenye mwendo mdogo, chini ya kilomita 30 kwa saa hivi, na huo ndio mwendo wa vichochoro, maegesho, milango ya shule na masoko, yaani mahali ambapo watu wa miguu ni wengi kuliko vyombo. Pikipiki imezidi kwa hilo, kwa kuwa matairi yake ni mawili tu na ni membamba.

Wenzetu waliliona jambo hili mapema, na vyama vya watu wasioona vilikuwa mstari wa mbele kuwapigia kelele watunga sheria. Marekani ilipitisha mwaka 2010 sheria ya kuyataka magari ya umeme yatoe sauti yakiwa katika mwendo mdogo. Umoja wa Ulaya uliweka sharti kama hilo kwa aina mpya za magari kuanzia Julai 2019, na kwa kila gari jipya kuanzia Julai 2021. Kanuni namba 138 ya Umoja wa Mataifa inataja hata kiwango: gari likienda kilomita 20 kwa saa lisikike kwa angalau desibeli 56. Hiyo ni kama sauti ya watu wawili wanaozungumza kwa upole. Nenda ukasimame Adams saa moja asubuhi, katikati ya matatu yenye spika chini ya viti na makanga wanaoita abiria, kisha unitafutie mazungumzo ya watu wawili wapole. Zaidi ya hayo, kanuni hizo zinahusu magari. Pikipiki hazimo.

Kuna pia utafiti wa chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine uliotolewa mwaka 2024, ambao ulitumia takwimu za ajali za Uingereza za mwaka 2013 hadi 2017. Uligundua kwamba kwa umbali uleule uliosafiriwa, magari ya umeme na yale yanayochanganya umeme na petroli yaliwagonga watu wa miguu mara mbili zaidi ya magari ya petroli na dizeli, na kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi mijini. Miaka hiyo ni kabla ya sharti la sauti, na watafiti wenyewe walisema huenda pia madereva wa magari hayo walikuwa vijana zaidi. Hata hivyo, nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mzee wangu na fimbo yake chini.

Sasa tuje kwetu. Mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022, na pikipiki za umeme zinaongezeka kila ninapokwenda kubadilisha betri. Lakini mwenda kwa miguu wa Nairobi amelelewa na kelele. Shuleni tuliwafundisha watoto watazame kulia, kushoto, kisha kulia tena, na mimi mwenyewe niliwaimbisha wimbo huo wakati wa mazoezi ya kufundisha. Ukweli ni kwamba mtu mzima havuki hivyo. Huvuka kwa sikio. Akisikia mngurumo husita, asiposikia hukata njia, na macho huyatumia kuthibitisha tu, tena baada ya kuingiza mguu barabarani. Mtu wa namna hiyo hahitaji simu ili agongwe nami. Simu inamwongezea hatari, lakini hata akiiacha nyumbani bado mimi ni kivuli kwake.

Kwa hiyo, mwendeshaji mwenzangu, endesha kama mtu ambaye hayupo. Ukimwona mtu amekupa mgongo, usiseme moyoni kwamba anajua unakuja. Hajui. Punguza mwendo kabla ya kumfikia, kwa sababu kwa kilomita 30 kwa saa unakwenda zaidi ya mita 8 kila sekunde, na sekunde hiyo moja ndiyo unayoipoteza ukishangaa kabla ya kushika breki. Mpe nafasi ya kutosha ili hata akikata ghafla asikufikie. Tazama kichwa chake: kilichoinama ni cha simu, chenye waya au kidude cheupe sikioni ni cha muziki, na kilichonyooka kisicho na chochote kihesabu kuwa ni cha mzee wangu. Honi ipige ukiwa mbali na kwa kifupi, kwa maana honi ya karibu humfanya mtu aruke, na hakuna ajuaye ataruka upande gani. Mimi siku hizi hutumia mdomo. "Habari, dada, napita kulia kwako" imenisaidia kuliko honi yote niliyopiga mwaka jana.

Msihangaike na vitu vya kupigia kelele. Tulipokuwa watoto tulifunga vipande vya plastiki kwenye spoki za baiskeli ili zilie kama pikipiki, na kuna mwenzetu mmoja wa steji, mtu mzima mwenye ndevu, aliyefanya hivyo kwenye pikipiki yake ya umeme. Alivifungua vipande hivyo siku hiyohiyo kabla ya saa nane mchana. Mimi nilijaribu redio. Abiria watatu walilalamika, na wa nne akataka nibadilishe stesheni.

Nanyi mnaotembea, siwaachi. Mkifika ukingoni mwa barabara, toeni kipokea sauti, hata kama ni kimoja, na mgeuze shingo mtazame. Muziki utaukuta palepale ulipouacha. Msiongozwe na ukimya. Barabara inayonyamaza siku hizi si lazima iwe tupu. Nalisema hili nikijua kwamba wengi wenu mnasoma maneno haya mkiwa mnatembea, na sitanii: simameni kwanza, msome mkiwa mmesimama.

Kijana wa Kisumu, jibu lako ni hili. Yule mwanafunzi alikosea kwa kuwa hakutazama, nawe ulikosea kwa kuwa ulitazama, ukaona, halafu ukamwachia yeye kazi ya kukukwepa. Usiende kuyapima makosa hayo kwenye mizani stejini, kwa maana stejini utashinda kila siku. Umeniambia kwamba unajua hosteli anakokaa. Mimi nilimpeleka wangu hospitali, nikalipa, nikabishana na mama yake, nikaondoka bila hata kuomba namba ya simu, na hadi leo sijui kama mkono ule ulipona vizuri au kama anaweza kuandika nao. Wewe nenda ukamjulie hali, na usipige hodi kwa honi.