Indiketa za kushoto zinawaka bila kuzimika

SWALI: Gari langu ni la miaka ya 1960, umeme wake volti 12. Indiketa za kulia zinawaka na kuzimika vizuri. Nikiwasha za kushoto zinabaki zimewaka tu, na ile ya nyuma ina mwanga hafifu. Nimebadilisha flasha (kifaa kinachoziwasha na kuzizima), hali ni ileile. Nitafute wapi?

JIBU: Iache flasha. Moja hiyohiyo huhudumia pande zote mbili, kwa hiyo upande wa kulia ukifanya kazi, basi flasha, fyuzi na waya unaoiletea umeme viko salama. Flasha ya zamani nayo huenda ni nzima, usiitupe.

Flasha za umri huo huendeshwa na joto. Katika aina iliyo ya kawaida, ndani mna kipande cha metali mbili zilizounganishwa. Umeme unaokwenda kwenye balbu hukipasha, kikapinda na kukata njia. Kikipoa kinaunga tena. Balbu ya wati 21 hula takriban ampea 1.75, mbili ni 3.5. Mkondo ukipungua, kipande hakipati joto la kutosha kupinda, na taa hubaki zimewaka. Kwako kuna kitu kinachopunguza mkondo kushoto, na mwanga hafifu wa nyuma unaonyesha ni wapi.

Anza na balbu yenyewe. Soma maandishi kwenye kitako: ziwe wati 21, si 5 wala 10. Kosa hili ni la kawaida sana, kwa sababu balbu hizo huweza kuingia kwenye soketi moja bila shida.

Balbu ikiwa sahihi, mshukiwa mkuu ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi. Taa za nyuma nyingi hurudisha umeme kupitia skrubu inayoshika taa kwenye bodi, na hapo ndipo kutu na rangi mpya huziba njia. Weka multimita (kipima umeme) kwenye volti za DC, taa ikiwa imewaka. Ncha moja iguse ganda la soketi, nyingine iguse terminali hasi ya betri. Ikisoma chini ya volti 0.2, ethi ni nzuri, ikizidi 0.5, umeipata shida. (Kwa gari ambalo bodi yake imefungwa kwenye chanya, pima kwenda terminali chanya.) Bila multimita, unganisha waya wa muda kutoka ganda la soketi hadi chuma kisafi cha bodi: taa ikinawiri na kuanza kuwaka na kuzimika, huna haja ya kutafuta zaidi. Fungua skrubu, sugua kwa msasa laini mpaka chuma king'ae, paka grisi, kaza. Ndani ya soketi sugua pia kile kitufe cha chini, na hakikisha springi yake bado inasukuma.

Ethi ikiwa safi, pima volti zinazofika kwenye soketi. Zikiwa pungufu kuliko upande wa kulia, chunguza viunganishi vya njiani, kisha swichi ya usukani. Hiyo ipime kwa kuiruka: unganisha waya unaotoka flasha moja kwa moja na waya wa kushoto chini ya usukani. Zikianza kuzimika na kuwaka, sahani za swichi zimeungua.

SWALI: Nimeweka balbu za LED kwenye indiketa za gari la zamani, sasa haziwaki na kuzimika. Kwa nini?

JIBU: Zinakula umeme kidogo mno kuipasha flasha. Weka flasha ya kielektroniki iliyotengenezwa kwa LED. Nyingi zina waya wa tatu wa ethi, nao lazima ufungwe kwenye bodi. Gari la bodi chanya linahitaji flasha na balbu zilizotengenezwa kwa mfumo huo. Wengine hufunga rezista (kipinga mkondo) ya omu 6, wati 50, sambamba na balbu. Inafanya kazi, ila huchemka vibaya: ifunge kwenye chuma, mbali na plastiki na waya.