Kabla hujasema betri ni feki

Wadogo zangu mnaoanza karakana, juzi nimeona tena betri nzima ikitupwa na moduli nyingine ya TP4056, chipu ya kuchaji betri za lithiamu, ikichomelewa kwenye kifaa kilekile. Nauli ya Kariakoo imeliwa na ugonjwa uko palepale. Nawapenda, ila hili linaniudhi.

1. Mita kwanza, risasi baadaye. Pima volti zinazoingia, volti za betri, kisha ampea zinazoingia kwenye betri kifaa kikiwa kwenye chaji. Volti peke yake hazitoshi.

2. Taa nyekundu ya kuchaji isiyobadilika. Hapa ndipo wengi mnaumia. Kijana mmoja alikuwa na kipima unyevu cha mkononi: usiku kucha kwenye chaji, asubuhi bado nyekundu. Akabadilisha betri, akabadilisha moduli, akaanza kumshuku muuza duka. Nilipomwuliza kama kifaa huwa kimewashwa kikichajiwa, akasema ndiyo, skrini na redio vyote vinafanya kazi. Basi jibu ni hilo. TP4056 hukata chaji pale mkondo unaposhuka hadi sehemu ya kumi ya ule uliopangiwa. Umeipangia miliampea 1,000, inangoja ushuke hadi 100. Kifaa chake kilikuwa kinanyonya zaidi ya hapo kutoka kwenye ncha zilezile za betri, kwa hiyo chipu haikuona kikomo, na betri ikakaa imebanwa kwenye volti 4.2 hadi kunakucha. Upande wa chini ni vilevile: betri ikishuka chini ya volti 2.9, chipu hutoa mkondo mdogo tu wa kuiamsha, na kifaa kilichowashwa huumaliza wote. Mwenye kifaa anaapa betri imekufa, kumbe haijapewa kitu. Zima kifaa wakati wa kuchaji, au weka transista ya MOSFET ya P na dayodi ya Schottky ili kifaa kitumie umeme wa chaja, betri ijazwe peke yake.

3. Rezista inayopanga mkondo wa TP4056 ikiwa ya omu 1,200 ni miliampea 1,000. Betri yako ni ya miliampea-saa 400? Weka ya omu 5,000, upate 250.

4. Inachaji kwa waya wa USB wa zamani, kwa waya wenye USB-C pande zote mbili inakataa: angalia rezista za omu 5,100 kwenye CC1 na CC2, ncha mbili za soketi ya USB-C.

5. Waya mwekundu si ushahidi. Soketi za betri hutofautiana upande wa chanya. Pima kabla ya kuchomeka.

6. Chipu kuwa moto ni kawaida, volti zinazozidi hugeuka joto. Betri ndiyo isizidi nyuzi 45, na chini ya bati mwezi wa pili Dar hapo si mbali. Ikivimba, itoe, usiitoboe.

Ukikwama nipigie hata usiku, lakini uwe na vile vipimo vitatu vya namba 1 mkononi. “Haichaji” peke yake sitaipokea.